Shaame, A. K.

Raya Massoud kaniletea tasnifu yake kwenye flashi
saa mbili na nusu usiku, mlango wa duka umebaki ufa.
"Bi Mize, majina yamefanya fujo, na kesho nawasilisha."
Mimi mchapaji tu, Jadida, Wete. Nalipwa kwa ukurasa.
Fujo nalitoza mbali.

Nafungua orodha ya marejeleo.
Wa mwanzo kunipokea ni Kilimo, W. Y.
Nani huyu Bwana Kilimo, mtu wa shehia gani,
aliyeandika ripoti tisa na wala hana baba?
Kumbe Wizara ya Kilimo!
Programu imeiezua paa, ikaivika shati.
Naitilia mkato mwishoni, mkato mmoja,
inarudi kuwa jengo,
na makarani wake, na feni lake bovu.

Bi Mkasi binti Haji amekuwa Binti, M.
Binti wa nani? Haji kaachwa njiani.
Omar Kombo amekuwa watu watatu,
Omar, na Omari, na Umar aliyechapwa ng'ambo,
kila mmoja na mwaka wake, kama ndugu waliogombea shamba.
Nawapatanisha kwa kubonyeza mara mbili.

Programu ina visanduku viwili.
Kimoja chauliza: jina la ukoo?
Cha pili: jina la kwanza?
Sisi huku mtu ni kamba ya nyuzi tatu:
yeye, na aliyemzaa, na aliyemzaa aliyemzaa.
Ukiita la mwisho
anaitika maiti.

Halafu namba arubaini na saba.
Shaame, A. K. (1979).
Ripoti ya kufa kwa mikarafuu, Wilaya ya Wete.

Kipanya kimenigandia mkononi.

Asaa Khatib Shaame ni baba yangu.
Bwana shamba, suruali kaibana na kibanio cha nguo
isiliwe na mnyororo wa baiskeli.
Aliihesabu miti mikavu mmoja mmoja, Pandani, Finya, Kangagani,
akaiandika usiku kwa kalamu ya risasi,
na sisi tunakatazwa hata kukohoa.

Shaame ni babu yake. Simjui.
Najua kwamba alichuma karafuu za wenyewe,
kwamba alilipwa kwa pishi,
na pishi ziliandikwa daftarini na mtu mwingine
ambaye kila jioni alikuwa na moja pungufu.
Shaame aliliangalia lile daftari
kama mtu anavyoangalia mvua iliyoko kwa jirani.
Akatia dole gumba. Akaenda zake na makonyo kwenye kanzu.

Leo huyu ndiye mwandishi.
Mara kumi na moja Raya anasema: kwa mujibu wa Shaame.
Shaame anaeleza. Shaame anasisitiza.
Shaame, kinyume na Kilimo, anaona hesabu haikuwa sahihi.

Nimecheka peke yangu, kisha sikucheka.

Kazi ni kazi, na baba alikuwa mkali wa haki ya kalamu.
Nikamtia mzima katika kisanduku kimoja,
Asaa Khatib Shaame, na mkato nyuma,
hila ileile ya Wizara.
Akapanda kutoka chini ya orodha, kwenye S,
hadi juu kabisa, kwenye A,
akipita kurasa tatu za watu wasiomjua.
Ndani ya matini nikambadilisha palepale alipotajwa,
ukurasa wa tisa, wa kumi na mbili, wa thelathini,

ila ukurasa wa sitini na tatu,
panapozungumzwa malipo ya wachumaji.
Pale bado imeandikwa (Shaame, 1979).

Raya kaja asubuhi, kalipa, hakuomba chenji.
Msimamizi wake akiuliza,
nimemwambia aseme programu ina makosa.